Mota Ndogo za James Joule

Tangu kale binadamu ametamani kupata mtambo ufanyao kazi pasipo kulishwa. Punda hutaka majani, kinu cha maji hutaka mto, na injini ya mvuke hutaka kuni au makaa. Kwa hiyo watu wengi wenye akili walijiuliza kama haiwezekani kuunda gurudumu litakalojizungusha lenyewe siku zote. Katika karne ya 12 Bhaskara, bingwa wa hesabu wa Bara Hindi, alieleza gurudumu lililotiwa zebaki ndani ili uzito wake uliendeshe pasipo kikomo. Baada yake mitambo mingi ya namna hiyo ilibuniwa huko Ulaya, na hakuna hata mmoja uliotimiza ahadi yake. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza kwamba hakitachunguza tena ombi lolote la mtu adaiye kuwa amepata mtambo wa mwendo wa milele.

Tamaa hiyo ilipata uhai mpya umeme ulipoanza kutumika. Volta alitengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Faraday aliufanya waya uzunguke kwa nguvu ya umeme na sumaku mwaka 1821. Na Sturgeon akaonyesha sumaku ya umeme miaka michache baadaye. Punde wahunzi, mafundi na wana wa matajiri walianza kuunda mota ndogo. Huko Marekani mhunzi mmoja, Thomas Davenport, alipewa hataza ya mota yake mwaka 1837. Mwaka uliofuata Moritz Jacobi aliendesha mashua kwa umeme wa betri juu ya mto Neva, katika mji wa St Petersburg. Mota hizo hazikuwa na moshi wala moto, nazo zilizunguka kimya kimya mezani. Haikuwa ajabu watu kudhani kwamba siku za makaa zimekwisha.

Miongoni mwa waliodhani hivyo alikuwa James Prescott Joule. Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 mjini Salford, karibu na Manchester, katika Uingereza. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha pombe. Joule hakusoma katika chuo kikuu, wala hakupata kuwa profesa maishani mwake. Alifundishwa nyumbani, na mmoja wa walimu wake alikuwa John Dalton, aliyejulikana sana kwa elimu yake ya atomu. Kazi ya Joule ilikuwa kiwandani. Sayansi aliifanya kwa mapenzi tu, kwa vyombo alivyoviunda au kuvinunua mwenyewe. Mwaka 1838, akiwa kijana wa miaka 19, alichapisha habari za mota yake ya kwanza.

Tumaini lake halikuwa la kipuuzi, kwa maana lilijengwa juu ya vipimo. Aliona kwamba akiongeza mkondo wa umeme mara 2, sumaku zake huvutana kwa nguvu mara 4. Na huku zinki iliwayo ndani ya betri huongezeka mara 2 tu. Akaukamilisha mfano huo akilini: mkondo ukiongezwa mara 10, nguvu zitaongezeka mara 100, na gharama mara 10. Kama hesabu hiyo ingesimama, mwenye mota angepata kazi nyingi kadiri apendavyo kwa zinki kidogo. Mwaka 1839 Joule aliandika kwa imani kwamba umeme utachukua mahali pa mvuke.

Lakini Joule hakuridhika na hesabu ya karatasini. Aliipima mota yenyewe ikifanya kazi, akaona jambo ambalo hakulitarajia. Kadiri mota ilivyozunguka upesi, ndivyo mkondo kutoka katika betri ulivyopungua. Sababu yake ni kwamba kila mota izungukapo huwa dainamo pia: huzaa nguvu ya umeme iupingayo mkondo uiendeshao. Tena mwaka 1840 aligundua kanuni ya joto la waya: mkondo ukiongezwa mara 2, joto lipoteleamo humo huongezeka mara 4. Faida aliyoiona katika sumaku ilikuwa inaliwa na hasara katika waya.

Mwezi wa Februari 1841 alisimama mbele ya watu wa Manchester akawatolea hesabu yake. Ratili 1 ya zinki katika betri yake ilitoa kazi itoshayo kuinua ratili 331,400 kwa kimo cha futi 1. Ratili 1 ya makaa katika injini bora za mvuke za Cornwall iliinua ratili 1,500,000 kwa kimo hicho hicho. Makaa yaliishinda zinki zaidi ya mara 4, na bei ya makaa ilikuwa ndogo mno kuliko ya zinki. Joule alikiri hadharani kwamba alikuwa karibu kukata tamaa. Angeweza kuzificha tarakimu hizo na kuendelea kusifiwa, asifanye hivyo.

Msomaji aweza kuuonja ukweli huo kwa baiskeli yenye dainamo. Taa ikiwa imezimwa, gurudumu huzunguka kwa wepesi. Taa ikiwashwa, miguu huhisi uzito umeongezeka. Wako hata leo wapenzi wa ufundi waungao mota na dainamo, na dainamo na betri, wakitumaini kwamba betri itaiendesha mota na mota itairudishia betri umeme wake. Nyaya zao hupata joto, ekseli zao husuguana, na dainamo huwa nzito mara tu itoapo mkondo. Wengine hudanganywa na betri iliyopumzika, kwani volti zake hupanda tena kidogo. Lakini volti pekee haziwezi kusema ni kazi kiasi gani iliyobaki ndani yake. Hata magari ya umeme ya leo, ambayo hurudisha umeme betrini yafungapo breki, hurudisha sehemu tu ya kile yalichokwisha kutumia.

Basi Joule akageuza swali lake. Badala ya kuuliza jinsi ya kupata nguvu nyingi kwa gharama ndogo, aliuliza: nguvu ipoteayo huenda wapi? Mwaka 1843 alieleza mjini Cork, katika Ireland, kwamba kazi haipotei bali hugeuka joto, na kwa kipimo maalumu. Wasikilizaji walinyamaza kimya. Hakuchoka. Alitengeneza chombo cha maji chenye makasia, yaliyozungushwa na mawe ya mizani yaliyokuwa yakishuka taratibu. Aliyashusha mara 20 kwa kila jaribio, akifanya kazi ndani ya sebule ya chini ya ardhi ambamo joto halikubadilika sana. Na baada ya taabu yote hiyo maji yalipanda kwa nusu digrii na kitu tu. Mwaka 1847 alieleza habari hizo mjini Oxford, na mwenyekiti akamtaka afupishe maneno. Lakini kijana mmoja, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliyatia moyoni. Thomson alikuwa na shaka mwanzoni, kisha akawa rafiki na msaidizi wa Joule.

Katika miaka hiyo hiyo Mayer na Helmholtz, Wajerumani, walifikia wazo hilo kwa njia zao. Hivyo ilithibitishwa kanuni kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Hubadilika umbo tu. Kwa kanuni hiyo mtambo wa kujilisha wenyewe ulifungiwa mlango.

Joule alifariki tarehe 11 Oktoba 1889. Jina lake limekuwa kipimo cha nishati duniani kote: kila uniti ya umeme isomwayo katika mita ya nyumba ni jouli 3,600,000. Hapa Kenya kila moja ya hizo yatoka mahali panapojulikana, kama vile maji ya Mto Tana, mvuke wa ardhini wa Olkaria, au upepo wa Turkana. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mota ndogo za Joule hazikupata kuendesha hata kiwanda cha baba yake. Hata hivyo kijana achezeaye nyaya na sumaku asivunjwe moyo na habari hii. Joule naye alianza kwa mchezo huo huo, na kwa tumaini lililokosea. Kilichomtofautisha na wengi ni kwamba alipima, na kipimo kilipompinga alikifuata.