Sonona na Uraibu wa Vijana Nchini Marekani
Mwaka 1952, jiji la New York lilifungua upya Hospitali ya Riverside kwa ajili ya vijana wenye uraibu wa heroini, yaani hali ya mtu kuitegemea dawa hiyo hata asiweze kuiacha, katika kisiwa cha North Brother kilekile walikokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui. Kijana alifungiwa chumbani mpaka arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, imwishie, kisha akapewa masomo na mazungumzo na daktari wa akili. Hata hivyo, wengi mno waliirudia heroini mara waliporejea mitaani, na hospitali ikafungwa mwaka 1963.

Kwa miongo kadhaa, katika tiba ya uraibu wa vijana, sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu usingizi na matumaini, iliwekwa kiporo: kijana alitakiwa aache dawa za kulevya kwanza, hata pale sonona yenyewe ilipokuwa ikimsukuma kuzitumia, na sharti hilo lilikuwa la kikatili. Jaribio la Paula Riggs na wenzake wa Colorado, lililochapishwa mwaka 2007, liliwapa vijana 126 tiba ya mazungumzo, baadhi yao wakimeza pia fluoksetini, dawa ya sonona, bila kungoja waache kwanza; kwa kipimo kimojawapo sonona ilipungua zaidi kwa waliomeza fluoksetini, ilhali matumizi ya dawa za kulevya hayakutofautiana kati ya makundi hayo mawili.