Ngwe za Diski: Asili ya Lebo na Mipaka katika Mfumo wa Unix

Mwaka 2012 Mkoa wa Iringa uligawanywa, na wilaya za Njombe, Makete na Ludewa zikawa mkoa mwingine, Mkoa wa Njombe. Mwaka 2016 ikafika zamu ya Mbeya: Mbozi, Ileje na Momba zilitengwa zikawa Mkoa wa Songwe, na makao yake yakawekwa Vwawa. Zama za Waingereza nchi hiyo yote ilikuwa ndani ya jimbo moja, Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Katika migawanyo hiyo hapana kilima kilichohama. Rungwe umesimama pale pale, baridi ya Makete ni ile ile, na mkulima wa Mbozi aliamka asubuhi katika shamba lile lile la kahawa. Kilichobadilika ni daftari: majina juu ya majalada, mihuri, orodha za vijiji, na jibu la mtu aulizaye kama shauri lake alipeleke Mbeya au Vwawa.

Yafaa kuanza na habari hiyo, maana wengi wanaofundishwa kazi za kompyuta hudhani kwamba kuigawa diski ni kuikata, kama mtu akatavyo mkate. Diski haikatwi. Sumaku iliyo juu ya sahani zake hubaki kama ilivyokuwa, na hakuna alama inayochorwa kati ya sehemu moja na ya pili. Kiswahili kina neno kiambaza, na kina neno kizigeu. Yote mawili ni majina ya kitu kinachotenga, kitu ambacho mtu aweza kukigonga kwa kidole. Ndani ya diski hapana kiambaza cha kugonga. Neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe ni ngwe, nalo lina maana mbili: ni kamba nyembamba, na ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu ailime. Wenye shamba hawajengi ukuta kati ya ngwe na ngwe. Hunyoosha kamba, wakapatana, kisha kamba huondolewa, na tangu hapo mpaka hukaa katika kumbukumbu za watu. Basi historia ya kuigawa diski katika mfumo wa Unix ni historia ya swali moja: kamba ikisha kuondolewa, kumbukumbu ya mpaka ikae wapi?

Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, huko New Jersey, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mashine yao ya kwanza ilikuwa PDP-7, na baadaye wakapata PDP-11. Mashine hii ya pili ilifanya hesabu zake kwa maneno ya biti 16, na biti 16 haziwezi kuhesabu kupita 65,535. Kwa muda hilo halikuwa na uzito, maana diski zenyewe zilikuwa ndogo. Kisha ikaja diski ya RP03. Hiyo ilikuwa na silinda 406, na kila silinda ilichukua bloku 200 za baiti 512 kila moja. Jumla yake bloku 81,200. Diski ikawa kubwa kuliko namba ya kuihesabia.

Hapo ndipo ngwe zilipozaliwa, na msomaji aangalie kwamba hazikuzaliwa kwa ajili ya unadhifu wala usalama, ila kwa sababu hesabu ilifika ukomo. Katika Toleo la Sita la Unix, la mwaka 1975, diski moja ya RP ilifanywa ionekane kama diski nane, zilizopewa namba 0 hadi 7. Ngwe ya 0 ilishika bloku 40,600 za mwanzo, na ngwe ya 1 ikashika 40,600 zilizosalia. Huko ndiko kuigawa diski nusu kwa nusu. Aliyetaka sehemu moja kubwa na moja ndogo alitumia ngwe ya 4, iliyoanza silinda 0 hadi 327, pamoja na ngwe ya 7, iliyoanza silinda 328 hadi mwisho ikiwa na bloku 15,600. Aliyetaka ile ndogo itangulie alitumia ya 6 na ya 5. Ngwe ya 2 na ya 3 zilikuwa vishamba vya bloku 9,200, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni. Silinda 328 zina bloku 65,600, lakini ngwe ya 4 iliandikiwa 65,535 tu. Bloku 65 za pembeni zikaachwa zilale bila mwenyewe, kwa kuwa namba ya kuzifikia haikuwapo.

Ngwe hizo nane, basi, ziliingiliana. Ya 0 na ya 4 zilianza mahali pamoja, na mfumo haukumzuia mtu kuzitumia zote mbili kwa siku moja. Aliyeweka mafaili yake katika ya 0, na mwenzake akaweka yake katika ya 4, walikuwa wakilima udongo mmoja bila kuonana, kila mmoja aking'oa alichopanda mwenziwe. Kinga ilikuwa ni akili ya mtunza mashine, aliyepaswa kukumbuka ni jozi ipi aliyoichagua.

Na kumbukumbu ya mipaka ilikaa wapi? Haikukaa katika diski. Ilikaa katika programu inayoendesha diski, katika jedwali la mistari minane iliyoandikwa kwa lugha ya C. Aliyetaka kuusogeza mpaka ilimbidi aihariri programu hiyo, aitafsiri upya katika lugha ya mashine, kisha aiwashe mashine tena. Zaidi ya hayo, sahani za RP03 zilikuwa za kutolewa na kubebwa. Sahani zilizogawanywa kwa jedwali la chuo kimoja zikipelekwa kwenye chuo kilichobadili jedwali lake, mashine ya huko ingezisoma kwa mipaka isiyo yake, wala zenyewe zisingekuwa na neno la kujitetea.

Tanzania haikuwa mbali na habari za kompyuta miaka hiyo, ijapokuwa uhusiano wake ulikuwa wa namna nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mitambo ya hesabu za Serikali kuleta gharama na matatizo mengi, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Hivyo lile jedwali la mistari minane lilipokuwa likienea katika vyuo vikuu vya Marekani, mlango wa hapa ulikuwa umefungwa. Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho mwaka 2012 kilipata kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilianzishwa mwaka 1986. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kilianza mwaka 2005. Wanafunzi wa vyuo hivyo walizikuta ngwe zikiwa zimekwisha kupata mila na desturi zake, na kawaida mtu huipokea mila asiyoijua asili yake kama apokeavyo mwiko: huogopa kuivunja, wala hawezi kueleza kwa nini.

Mila hiyo ilipata sura yake huko Berkeley, California. Wataalamu wa chuo kikuu cha huko waliuchukua Unix wakautengenezea matoleo yao wenyewe. Katika toleo la 4.2, la mwaka 1983, waliweka faili lililoorodhesha aina za diski na vipimo vyake, kwa hiyo habari nyingi za diski ziliweza kusomwa nje ya programu. Hiyo ilikuwa hatua, lakini haikuwa safari nzima, maana faili lenyewe lilikaa katika mashine, na diski ikihama huliacha nyuma. Mwaka 1988, katika toleo lililoitwa 4.3BSD-Tahoe, mipaka iliandikwa juu ya diski yenyewe, katika nafasi ndogo mwanzoni mwake. Maandishi hayo ndiyo lebo. Kampuni ya Sun, iliyoanza mwaka 1982, nayo iliweka lebo katika diski za mashine zake.

Lebo ya Berkeley ni kitu kidogo sana, kinaenea katika baiti 512. Huanza na namba maalumu ya kuitambulisha, na namba hiyo hurudiwa mara ya pili ndani yake, ili mfumo usije ukadhani kuwa takataka yoyote iliyopo pale ni lebo. Hufuata aina ya diski, ukubwa wa sekta, idadi ya sekta katika kila njia, idadi ya silinda, na hesabu ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika. Mwisho huja ngwe zenyewe, kila moja na urefu wake, mahali ianzapo, na matumizi yake. Ngwe zilipewa herufi: a ni ya mzizi wa mfumo, b ni ya kubadilishania kumbukumbu, na c ni diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Herufi hiyo ya tatu huwashangaza wanafunzi, maana yaonekana kama ngwe iliyozimeza nyingine zote. Lakini mtu wa Tukuyu yumo Rungwe, yumo Mbeya, na yumo Tanzania kwa wakati mmoja, wala hapana anayelalamika kwamba mipaka imeingiliana.

Programu ya kuitunza lebo ilimwonyesha mtunza mashine mipaka kwa maandishi ya kawaida, akaihariri kama barua, kisha ikaiandika tena juu ya diski. Mfumo nao ulijiwekea nakala ya lebo katika kumbukumbu yake, na ngwe ikiwa imefunguliwa na inatumika, ulikataa kuihamisha au kuipunguza. Kazi iliyokuwa ya akili ya mtu mmoja ikaanza kulindwa na mashine.

Hata hivyo kila faida ina upande wake wa pili. Kitu kilichobeba jina lake kinaweza kulipoteza jina hilo. Ichukuliwe kwamba katika diski moja mmehifadhiwa sauti za wazee wa Kihehe na Kinyakyusa, zilizorekodiwa na wanafunzi kwa miaka kadhaa, kisha mtu akakosea diski na kuandika lebo mpya juu ya ile ya zamani. Hakuna hata sauti moja iliyofutwa kwa kitendo hicho; zote zimo. Ila hajulikani tena mwanzo wa ngwe wala mwisho wake, na mwokoaji hana budi kuisoma diski bloku kwa bloku akitafuta alama za mifumo ya mafaili, apime, abuni, alinganishe.

Iringa inaijua kazi ya namna hiyo. Mkwawa alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza kirudishwe. Gavana Edward Twining alipolitafuta fuvu hilo katika jumba la makumbusho la Bremen, mwaka 1953, alikuta mafuvu mengi sana. Fuvu halikutambuliwa kwa jina. Lilichaguliwa kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya jamaa zake, na kwa tundu la risasi. Lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na wapo wataalamu ambao hata leo hawajaridhika kwamba ndilo.

Mashine ndogo zilikuwa na mila yao. Mwaka 1983, pamoja na kompyuta ya IBM iitwayo XT, lilikuja jedwali la ngwe nne tu, lililokaa baiti 64 ndani ya sekta ya kwanza. Unix wa Berkeley ulipoletwa katika mashine hizo, miaka ya 1990, ulichukua ngwe moja kati ya nne na kuandika lebo yake ndani ya hiyo. Ikawa mpaka ndani ya mpaka, na makosa mengi ya wanafunzi huanzia hapo. Jedwali hilo la nne lilihesabu sekta kwa biti 32. Kwa sekta za baiti 512, hesabu hiyo hukoma kwenye baiti 2,199,023,255,552. Diski zilipoufikia ukubwa huo, hadithi ya RP03 ilirudi vile vile, neno kwa neno.

Jedwali lililoshika nafasi yake, GPT, lililotokana na kazi ya kampuni ya Intel, huhesabu kwa biti 64 na kwa kawaida lina nafasi ya ngwe 128. Kila ngwe hupewa namba yake ya pekee, hata diski ikihamishiwa mashine nyingine ngwe haipotezi utambulisho. Jedwali huandikwa mara mbili: mara moja mwanzoni mwa diski, na nakala yake mwishoni kabisa. Lakini hata katika diski za namna hiyo, anayetumia OpenBSD bado hukutana na lebo ya Berkeley, na humo herufi c bado ni diski nzima.