Kabla tingatinga halijafika: historia ya zuio la muda

Mtaani Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, nyumba zimebanana kiasi kwamba barabara au mtaro wa maji taka ukipimwa leo, kesho kuna ukuta wa mtu uliopakwa alama nyekundu ya X, kwamba utabomolewa. Swali huwa lile lile: twaweza kwenda kortini kuwasimamisha kwanza, mengine yazungumzwe baadaye? Siku hizi yawezekana. Mwaka 1989 haikuwezekana.

Mwaka huo Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park usimamishwe. Mwenye mradi alikuwa Kenya Times, gazeti la chama tawala, KANU, na jumba hilo lilipangiwa sanamu ya Rais Moi. Tarehe 11 Desemba, Jaji Norbury Dugdale akaitupa kesi. Hata kwenye miti hakufika. Alichotaka kujua ni mama huyu atapungukiwa na nini yeye binafsi jumba likijengwa. Bustani si shamba lake, basi hana la kudai. Wa kuutetea umma ni Mwanasheria Mkuu. Yaani ukilalamikia mradi wa wakubwa, nenda ukamwombe wakili wa wakubwa akushtakie! Jumba halikujengwa, lakini korti haina sifa yoyote hapo: kelele ziliwafikia wafadhili wa ng'ambo, wakajitoa.

Hata ungeruhusiwa mlangoni, ndani kulikuwa na mizani iliyowekwa 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, kesi isiyo na mti wala mto ndani yake. Mlalamishi aonyeshe kuwa dai lake lina uzito. Aonyeshe kuwa hasara atakayopata haifidiki kwa pesa. Na jaji akibaki na shaka, apime ni nani ataumia zaidi. Sharti la pili ndilo roho ya kesi za mazingira. Ukuta una bei. Mikoko iliyofukiwa kwa kifusi, au kisima kilichoingiwa na maji ya choo, utakilipia kiasi gani?

Na kwa miradi ya umma palikuwa na kizingiti kingine. Sheria yetu ya mashtaka dhidi ya Serikali, iliyofuata ile ya Waingereza ya 1947, humkataza jaji kuizuia Serikali. Humwachia kutamka tu haki ni ya nani. Tamko hilo huja kifusi kikishamwagwa.

Mambo yalianza kulegea na sheria ya mazingira ya 1999, iliyomruhusu mtu yeyote kushtaki bila kuthibitisha hasara yake mwenyewe. Katiba ya 2010 ikalitia muhuri hilo katika kifungu cha 70, na katika kifungu cha 23 ikawapa majaji uwezo wa kutoa amri za kulinda haki, hata dhidi ya Serikali. Pwani ilikuwa imeshaonja zuio kabla ya Katiba hiyo. Julai 2008 Mahakama Kuu ya Malindi ilisimamisha mradi wa miwa wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, na kampuni ya sukari ya Mumias kwenye delta ya Tana, hekta zipatazo 20,000. Juni 2009 zuio likaanguka kwa kasoro za utaratibu, madai yenyewe yakiwa hayajajibiwa.

Silaha kali zaidi ilikuwa kifungu cha 129(4) cha sheria ile ya 1999: rufaa ikifika Jopo la Kitaifa la Mazingira, kazi isimame yenyewe, bila kumbembeleza mtu. Mwaka 2016 wanaharakati wa Save Lamu walikata rufaa dhidi ya kinu cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasini, Lamu, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka huo huo wa 2016 wanaharakati waliipeleka kwenye jopo hilo reli mpya ya kisasa, SGR, iliyokusudiwa kupita mbuga ya Nairobi.

Hapo Serikali ikachoka kusimamishwa. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Kuzuia Mateso. Ndani yake, miongoni mwa vipengele vya kuwalinda mahabusu, kikachomekwa kimoja kilichobadilisha 129(4): kazi haisimami tena yenyewe, na mazuio yaliyokuwepo yakafa mpaka yaombwe upya. Sijaona uhusiano wa mateso na leseni za NEMA, na sidhani waliokiandika waliuona. Reli ikajengewa daraja la takriban kilomita sita juu ya mbuga, na Oktoba 2019 treni ikafika Suswa.

Kwa hivyo mkiona X, msingoje. Rufaa dhidi ya leseni ya NEMA ina siku 60. Ipelekeni pamoja na ombi la kusimamisha kazi, siku hiyo hiyo. Rufaa peke yake haizimi tena injini ya tingatinga.