Ruzuku ya mbolea: nani ameandikwa kijijini kwako?

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, wasikilizaji wetu wa Chato huuliza swali lile lile: mbolea ya ruzuku imeenda kwa nani? Tumeona tulieleze hapa kwa maandishi.

Ruzuku ni sehemu ya bei ambayo Serikali humlipia mkulima. Kuanzia msimu wa 2008/09 ilitolewa kwa vocha. Kamati ya vocha ya kijiji iliandaa orodha ya wakulima, kisha orodha hiyo ikapelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Vocha ililenga ekari moja ya mahindi au mpunga, na mkulima alijazia bei iliyobaki. Udhaifu wake ulijulikana: mkulima akisaini vocha bila kupokea mbolea, Serikali hulipa na shamba hubaki vile vile.

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye sherehe za Nanenane mkoani Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utaratibu mpya. Bei ya mbolea ilikuwa imevuka shilingi 100,000 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa ruzuku, mfuko wa DAP au urea ukauzwa shilingi 70,000. Mkulima huandikishwa kijijini, hutaja ukubwa wa shamba na mazao yake, hupewa namba, kisha hununua kwa wakala aliyesajiliwa. Msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA).

Mfumo huu wa kidijitali unajua namba, lakini haujui mipaka ya mashamba. Mtu mwenye ekari nne akiandikwa ekari arobaini, kompyuta haitashtuka. Jirani yake atashtuka, ila ni lazima kwanza aone kilichoandikwa.

Je, tuna haki ya kuuliza? Ndiyo. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Faragha nayo ina sheria yake, ya mwaka 2022. Hata Ulaya walivutana: mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kutangaza majina ya wakulima wote binafsi waliopokea ruzuku. Baadaye majina yalirudi, lakini waliopata kiasi kidogo hawatajwi.

Kwa hiyo, namba ya simu na ya kitambulisho cha jirani si vya kubandikwa ukutani. Ila idadi ya walioandikishwa, jumla ya ekari na mifuko iliyotoka ni mambo ya kuulizwa hadharani.

Pa kuanzia ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Muulize mtendaji wenu taarifa hizo kabla mvua hazijaanza, maana mbolea ikishaingia ardhini hakuna wa kuihesabu.