Kennedy na uchunguzi wa afya wa mwaka 1941

Mwaka 1941 John F. Kennedy aliomba uofisa katika jeshi la nchi kavu la Marekani, akakataliwa kwa sababu ya mgongo. Jeshi la majini nalo likamkataa. Tangu utotoni alikuwa amelazwa mara nyingi hospitalini, pia kwa maradhi ya tumbo. Hata hivyo, Oktoba mwaka huohuo akawa ofisa wa akiba wa jeshi la majini. Baba yake, aliyewahi kuwa balozi nchini Uingereza, alikuwa amemwendea Kapteni Alan Kirk, mkuu wa ujasusi wa jeshi hilo.

Wengi huikumbuka zaidi Agosti 1943, boti yake PT-109 ilipogongwa na manowari ya Kijapani. Wawili walikufa, na Kennedy akaogelea kwa saa kadhaa akimvuta majeruhi. Sikatai ushujaa huo. Lakini mgongo uliendelea kumtesa. 1944 alipasuliwa, na 1945 akastaafishwa kwa sababu za afya.

Kwa maoni yangu, ushujaa haufuti swali la daktari. Mwombaji huulizwa magonjwa yake ya zamani kwa kuwa ofisa hubeba maisha ya wenzake. Tena, mtoto wa mkulima mwenye mgongo kama ule hakuwa na Kapteni Kirk. Aliyesema ukweli alirudi nyumbani. Hivyo tunaposimulia habari hii tuseme yote mawili: Kennedy aliokoa watu, na aliingia kwa njia ambayo wengine hawakuwa nayo.