Kompyuta Katika Gari

Kila chombo kina adabu yake, na mgeni aingiaye chomboni hana budi kuifuata. Jahazi halibadili tanga lake kwa ajili ya abiria. Abiria ndiye ajifunzaye kukaa mahali asipozuia kamba. Kompyuta ilipoingia katika gari ilikuwa mgeni wa namna hiyo. Ilizoea vyumba vilivyopozwa, penye umeme usiobadilika na sakafu isiyotikisika. Ikatolewa humo, ikatiwa katika chombo chenye joto, vumbi, mshindo, na umeme upandao na kushuka. Habari za watu waliounda kompyuta na kuzifunga katika magari husimuliwa mara nyingi kama historia ya akili tu, yaani jinsi mashine ilivyofundishwa kuona njia. Masimulizi hayo ni ya kweli, walakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni historia ya nafasi, ya umeme, ya joto na ya mtikisiko. Na katika nusu hiyo ndimo yalimoamuliwa mambo mengi makubwa.

Hapo mwanzo akili na gari vilikaa mbalimbali. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, palikuwa na kigari chenye magurudumu manne na kamera juu yake, lakini kompyuta ya kukiongoza haikupanda kigarini. Ilibaki mahali pake. Picha ziliifikia kwa redio, na amri zilirudi kwa redio. Mwaka 1979, chini ya uangalizi wa Hans Moravec, kigari hicho kilivuka chumba kilichojaa viti bila kuongozwa na mkono wa mtu. Kilikwenda kiasi cha mita moja, kikasimama dakika 10 hadi 15 kungoja hesabu ziishe, kisha kikaenda mita nyingine. Chumba kimoja kilikimalizia saa 5 hivi. Tendo hilo lilikuwa kubwa katika elimu, lakini lilionyesha wazi kwamba fikra ya namna hiyo haiwezi kutumwa barabarani. Barabara haimngojei msafiri afikiri. Kompyuta ilipaswa iwe nyepesi zaidi wa kuamua, tena ipande yenyewe garini.

Waliolikabili jambo hilo kwa ushujaa mkubwa walikuwa Ernst Dickmanns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jeshi la Ujerumani, karibu na mji wa Munich. Katikati ya miaka ya 1980 walichukua gari kubwa la Mercedes la mizigo, lenye uzito wa tani 5, wakalipa jina la VaMoRs. Hawakulichagua gari hilo kwa uzuri wala kwa mbio. Walilichagua kwa tumbo lake, kwa maana kompyuta za siku zile zilihitaji rafu, na rafu zilihitaji chumba. Mwenzake Dickmanns, Volker Graefe, alikuwa ameongoza uundaji wa kompyuta maalumu ya kutazama picha, iliyounganisha prosesa ndogo kadhaa zilizofanya kazi pamoja. Kompyuta hiyo haikununuliwa dukani. Iliundwa kwa kazi ile ile.

Hata hivyo prosesa zile zilikuwa dhaifu mno kuweza kuichunguza picha nzima kwa wakati. Udhaifu huo ndio uliozaa hekima. Badala ya kutazama kila nukta, programu ya Dickmanns ilitazama vidirisha vichache tu ndani ya picha, pale ambapo kingo za barabara zilitazamiwa kuonekana. Ilijua mwendo wa gari, ilijua jinsi barabara ipindavyo, kwa hiyo iliweza kukisia ukingo utakuwa wapi katika kitambo kijacho, ikaenda kuuangalia papo hapo. Ni kama dereva mzoefu ambaye hahesabu majani ya kando ya njia, bali hutupa jicho mahali panapostahili kutupiwa jicho. Mwaka 1987, katika barabara kuu ambayo ilikuwa haijafunguliwa kwa magari mengine, VaMoRs ilikwenda yenyewe zaidi ya kilomita 20 na kufikia mwendo wa kilomita 96 kwa saa. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu kile kigari kilichosimama kila mita kwa ajili ya kufikiri.

Wakati huo huo, huko Pittsburgh, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walishika njia nyingine. Mwaka 1986 walipata gari la Chevrolet lenye umbo la chumba, wakalitia rafu 5 za mitambo, kompyuta 3 za mezani za Sun, na kompyuta kubwa iitwayo Warp. Gari likaitwa Navlab, yaani maabara yaendayo. Umeme wa betri ya gari haukutosha kulisha kundi hilo, ikawa lazima jenereta zipande nazo. Na kwa kuwa mitambo mingi hutoa joto jingi, kiyoyozi nacho kilikuwa na nafasi yake. Watafiti waliketi ndani humo humo, gari likienda. Mwendo wake mkubwa, ulipofikiwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, ulikuwa kilomita 32 kwa saa.

Ukiyalinganisha magari hayo mawili utaona kwamba gharama ya akili ililipwa kwa nafasi. Yule aliyepunguza kazi ya kufikiri alipata mbio. Yule aliyebeba kompyuta nyingi alipata uwanja mpana wa kujaribia elimu mpya, lakini alikwenda polepole. Hapana aliyekosea. Katika Navlab ndimo Dean Pomerleau alimojaribu, karibu na mwaka 1989, programu iliyojifunza kuendesha kwa kumtazama dereva mtu kwa dakika chache tu. Na mbegu hiyo ya kujifunza kwa mifano ndiyo iliyokuja kumea mashamba makubwa katika zama zetu.

Mwaka 1995 ulionyesha jinsi mgeni alivyokuwa amejifunza adabu ya chombo. Kompyuta zilikuwa zimepungua ukubwa, na gari la mizigo halikuhitajiwa tena. Wajerumani walikuwa wametia mitambo yao katika gari la kifahari la Mercedes, VaMP, lililokwisha kuonyeshwa katika barabara kuu ya karibu na Paris mwaka 1994 katikati ya magari ya watu. Mwaka uliofuata lilisafiri kutoka Munich hadi Denmark, na kiasi cha asilimia 95 ya njia likajiongoza lenyewe, mara nyingine kwa mwendo uliopita kilomita 175 kwa saa. Sehemu ndefu kupita zote ambayo mtu hakuingilia kati ilikuwa ya kilomita 158. Mwezi Julai mwaka huo huo Pomerleau na Todd Jochem walitoka Pittsburgh mpaka San Diego, safari ya kilomita 4,500 na zaidi, katika gari la kawaida la abiria. Kompyuta yao ilikuwa moja, ya kubebeka, na mitambo ilipata umeme wake katika tundu la kuwashia sigara. Asilimia 98.2 ya njia, usukani ulishikwa na mashine.

Hapa msomaji na atahadhari. Katika safari ya Pittsburgh mashine ilishika usukani tu; mafuta na breki vilibaki chini ya miguu ya watu. Asilimia 98.2 ni hesabu ya kweli, lakini ni hesabu ya mikono, si ya mwili mzima. Na ile asilimia 5 iliyobaki katika safari ya Denmark haikuwa makombo. Ndiyo iliyokuwa na hatari, na ndiyo iliyomlazimisha mtu akae macho njia nzima. Historia iandikwayo kwa asilimia hupenda kusahau kilichobaki. Msafiri hawezi kukisahau, kwa kuwa ajali haitokei katika sehemu iliyofaulu.

Miaka hiyo ilipokwisha, kazi ya kutia kompyuta garini ilitoka vyuoni ikaingia katika vibanda vya nyumbani. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Uingereza, empeg, ilianza kuuza chombo cha muziki ambacho kwa kweli kilikuwa kompyuta kamili, yenye diski na programu ya Linux, lakini kiliingia katika tundu lile lile la redio ya gari. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa kipimo cha bodi ya kompyuta yenye upande wa sentimita 17, kiitwacho Mini-ITX. Mafundi wa kujitolea wa nchi nyingi waliona mara moja kwamba bodi hiyo yaweza kukaa chini ya kiti au katika buti. Wakaunda kompyuta zao kwa mikono yao, kwa ajili ya muziki, ramani na picha, wakaweka kioo cha kugusa katika dashibodi.

Mafundi hao walikutana na mwalimu mkali ambaye jina lake ni umeme. Betri ya gari huitwa ya volti 12, lakini jina si hali. Injini ikiunguruma, umeme hupanda kufikia volti 14 hivi. Ufunguo ukizungushwa na stata ikaivuta injini, umeme huanguka ghafula, hata pengine chini ya volti 8. Kompyuta isiyokingwa huzimika papo hapo na kuanza upya. Tena, dereva azimapo gari hufikiri kwamba kila kitu kimezimika, ilhali kompyuta huhitaji muda wa kufunga kazi zake kwa utaratibu. Ikikatwa ghafula, diski yaweza kuharibikiwa na maandishi yake, na ikiachwa yaendelea kunyonya betri mpaka asubuhi gari lisiwake. Wengine walianza kwa kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kisha wakaushusha tena kwa ajili ya kompyuta, wakapoteza nguvu mara mbili njiani. Waliofaulu ni wale waliotumia kigeuzi maalumu kilichovumilia mapando na maanguko hayo, kikausikiliza ufunguo, kikaiamuru kompyuta ilale, kisha kikakata umeme. Na diski zilizozunguka zikichaguliwa, zilichaguliwa zile ndogo za kompyuta za kubebeka, maana zilistahimili mtikisiko zaidi.

Elimu hiyo ya vibandani na elimu ya vyuoni zilifanana kwa jambo lililodhihirika tarehe 8 Oktoba 2005, katika jangwa la Mojave. Serikali ya Marekani, kwa mkono wa shirika lake la DARPA, ilikuwa imeahidi dola milioni 2 kwa gari litakalovuka kilomita 212 za jangwa bila mtu ndani. Mwaka uliotangulia hapana gari lililopita hata kilomita 12. Safari hii mshindi alikuwa Stanley, Volkswagen la Chuo Kikuu cha Stanford, kikosi kilichoongozwa na Sebastian Thrun, kwa saa 6 na dakika 54. Katika buti la gari hilo zilikuwamo kompyuta 6, zimefungwa katika rafu yenye kuvunja mshindo. Mifereji iliwaletea hewa baridi ya kiyoyozi cha gari. Na programu iliweza kuzima na kuwasha kifaa kimoja kimoja kilichokwama, bila kuvizima vingine. Watu walisifu akili ya Stanley, na iliistahili sifa. Lakini buti lile lilistahili sifa nalo.

Gari la H1ghlander, la Carnegie Mellon, ndilo lililotazamiwa na wengi kushinda. Wiki chache kabla ya mashindano lilipinduka katika mazoezi, likatengenezwa. Siku yenyewe lilitangulia, kisha injini yake ikaanza kupungua nguvu milimani, Stanley akalipita, nalo likamaliza la tatu. Kompyuta zake hazikupotea njia. Sababu haikujulikana kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2017 ilipogunduliwa kwamba kichujio kidogo cha umeme, kilichokaa kati ya kidhibiti cha injini na vipulizia mafuta, kilikuwa kibovu: kikibonyezwa tu, injini hupoteza nguvu. Yadhaniwa kiliumia gari lilipopinduka. Kazi ya kikosi kizima, ya miezi na miezi, ilizuiwa na kitu kinachoenea kiganjani.

Haifai kusema kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya tu. Toka kigari cha Stanford hadi jangwani, kompyuta ilikubaliwa na gari kila ilipotii sheria za gari, na ilikataliwa kila ilipozidharau. Anayetaka kuandika historia ya akili za mashine katika barabara za dunia, basi, na aingie pia katika buti, achunguze waya, vifungo na mifereji ya hewa. Akipita huko bila kutazama ataandika jina la mshindi kwa usahihi, lakini hatajua kwa nini alishinda.