Genge Halianzi na Bunduki, Linaanza na "Niaje"

Sisi wa Milimani tuko na kasumba moja: tukisikia habari ya genge, macho yanaenda upande wa Kaptembwa na Rhonda. Kwetu kuna miti na mageti, basi tuko sawa. Wasee, historia ya hapa kwetu inakataa.

Anza na Mungiki. Ilizaliwa Bonde hili la Ufa, mwishoni mwa miaka ya 1980, kama kikundi cha dini na mila za Wakikuyu. Jina lenyewe maana yake ni umati. Halafu ghasia za 1992 zikafukuza familia kibao huko Molo na Olenguruone. Vijana wakabaki bila shamba, bila shule, bila kazi. Nani aliwafikia? Si bosi wa gari kubwa. Ni binamu, jirani wa zamani, yule mliyekimbia naye usiku. Kiapo kilikaza tu kamba ambayo tayari ilikuwepo.

Ilipofika Nairobi, kamba hiyo ikageuka mashine ya pesa. Matatu zinalipa kila siku, vibanda vinalipa "ulinzi", hata stima ya mtaani inalipiwa. Serikali ikaipiga marufuku Machi 2002, baada ya mauaji ya Kariobangi. Juni 2007 polisi bado walikuwa wanaisaka Mathare. Mbona haikuisha? Marufuku inafuta jina, haifuti nani anajua nani.

Sasa rudi Nakuru. Confirm ilijulikana kwanza kwa kutapeli watu pesa za simu. Lakini 2022, wanawake walipouawa mmoja baada ya mwingine kule Mawanga, serikali ilitaja genge hilo hilo. Angalia utapeli wa simu unahitaji nini: laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu wa kwenda kutoa pesa kwa ajenti. Hawa hawaitwi kwa barua ya kazi. Wanaombwa na rafiki.

Mimi pia niliombwa. Msee niliyemaliza naye kidato cha nne alitaka kitambulisho changu asajili laini. "Dakika mbili tu, nakununulia chipsi." Nilikuwa nimeacha chuo, mfuko mtupu. Sikukataa kwa ujasiri, nilikuwa tu nimekiacha nyumbani. Angerudi kesho yake, pengine ningempa. Geti la Milimani halikunisaidia chochote.

Kwa hivyo polisi wakishika bosi, poa. Lakini genge linakula kwa vitu vidogo tunavyopeana bila kuuliza: kitambulisho, laini, "niwekee hii begi mpaka jioni". Beshte akikuomba, muulize ni ya nini. Akikwambia "wacha maswali mingi", amekujibu tayari.